Calavon, Nesque au Nyons: upeleke wapi baiskeli yako msimu wa lavenda

Zile picha zinadanganya kidogo. Zinakuonyesha mtu peke yake juu ya baiskeli, kushoto maua ya lavenda yenye rangi ya zambarau, kulia mizabibu, barabara tupu, na shati lake halina hata tone la jasho. Vyote hivyo vipo Provence, kusini-mashariki mwa Ufaransa, ila havipo mahali pamoja, na kwa kawaida jasho pia lipo.

Sababu ni ya kijiografia. Njia za kule ambazo gari haliingii kabisa nyingi ni reli za zamani zilizong'olewa vyuma na kutandikwa lami. Treni haipendi mlima, kwa hiyo waliojenga reli walifuata mabonde. Mizabibu nayo imejaa mabondeni na kwenye vilima vya chini. Lavenda ya asili inataka hewa baridi ya mita 800 kwenda juu, ambako reli nyingi hazikufika. Ndiyo maana anayetaka kimya kamili hukipata chini kwenye mizabibu, na anayetaka zambarau hupanda, na huko juu hugawana barabara na magari, japo machache. Kuchagua njia Provence ni kuamua utatoa kimya kiasi gani ili upewe zambarau kiasi gani.

Nimeweka njia tatu mezani. Moja inafuata bonde la mto Calavon katika eneo la milima ya Luberon. Nyingine inaanzia Carpentras, inapita korongo la Nesque na kuishia Sault. Ya tatu ni mzunguko wa Nyons na Buis-les-Baronnies, ndani ya wilaya ya Drôme, kaskazini kidogo. Kuna atakayeuliza kuhusu Valensole, ile nyanda yenye mistari mirefu ya zambarau ambayo karibu kila kalenda imeipiga picha. Ni pazuri kweli, lakini mwanzoni mwa Julai mabasi ya watalii na magari ya kukodi yanapanga foleni pembeni mwa barabara, na njia ya baiskeli iliyotengwa ni ya kutafuta kwa tochi. Kama ni lazima uende, fika alfajiri. Hapa siihesabu.

Nimezipima kwa nini

Magari kwanza, na hapa naomba tutofautishe "hakuna gari" na "magari machache", maana kwa mwenye mtoto wa miaka saba hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Pili milima: mita unazopanda, na ukali wa mwinuko wenyewe. Tatu lavenda na mizabibu, utaviona wapi na lini. Nne kufika, kula na kulala.

Neno moja kuhusu kalenda kabla hatujaondoka. Sehemu kubwa ya zambarau unayoiona kwenye nyanda za chini si lavenda halisi bali lavandini, chotara wa lavenda halisi na jamaa yake wa mabondeni. Haizai mbegu, hupandwa kwa vipandikizi, na hutoa mafuta mengi zaidi kwa ekari, mafuta yanayoishia kwenye sabuni za kufulia. Utaitambua kwa matuta yake manene yaliyo sawasawa kama yamenyolewa kwa mashine. Ya chini huchanua kuanzia nusu ya pili ya Juni na kuvunwa katikati ya Julai. Lavenda halisi ya juu huchelewa: Julai iko katika ubora wake, na mavuno huingia Agosti. Mizabibu ni ya kijani wakati huo wote, zabibu huvunwa Septemba, na Oktoba majani hugeuka rangi ya kutu. Kwa hiyo anayetaka maua na mavuno ya zabibu katika safari moja ajue mapema kwamba atakosa kimoja.

Bonde la Calavon

*Magari.* Kimya cha uhakika kiko hapa. Ni kilomita kama 40 za lami laini juu ya reli ya zamani, kutoka upande wa Cavaillon kupita Apt na kuendelea kidogo mashariki. Kwenye vibao utaona maneno *voie verte*, na ukiyaona jua kwamba gari haliruhusiwi. Barabara kuu ya D900 iko jirani na mahali pengine utaisikia ikinguruma, lakini huiendeshi. Angalizo ni kwenye makutano. Enzi za treni ndiyo iliyosubiriwa. Leo mwenye baiskeli ndiye anayesubiri mara nyingi, kwa hiyo watoto wafundishwe kusimama kabla hawajaanza kukimbizana.

Katikati ya njia kuna Pont Julien, daraja la Warumi lenye matao matatu, la karibu mwaka wa 3 kabla ya Kristo. Magari yaliendelea kulipita hadi 2005, likajengwa daraja jipya pembeni, na sasa la zamani limeachiwa miguu na magurudumu mawili. Mimi huvunja safari hapo na kula mkate chini ya tao, penye kivuli.

*Milima.* Ukibaki njiani, hakuna ya kutaja. Unapanda kama mita 150 kutoka Cavaillon hadi Apt, zikiwa zimenyunyizwa kwenye kilomita zaidi ya 30. Kinachochosha ni upepo. Mistrali huvuma kutoka kaskazini-magharibi, hivyo asubuhi unasukumwa kwenda Apt ukijiona bingwa, na jioni unarudi ukipigwa kifuani. Panga siku kwa kuhesabu marudio.

Vijiji maarufu, Bonnieux, Lacoste, Ménerbes, Roussillon, vyote vimekaa juu ya vilima, kilomita chache nje ya njia. Kila kimoja ni mlima mfupi wenye hasira, na kwenye barabara ya kawaida. Wanaotaka zaidi wana mzunguko mzima wa Luberon, kilomita 236 zenye vibao mwanzo hadi mwisho, unaopita Forcalquier, Manosque na Lourmarin, lakini huo mwingi uko kwenye barabara ndogo zenye magari.

*Lavenda na mizabibu.* Mizabibu tele, pamoja na micheri. Kwa wapenzi wa divai, mto wenyewe ndio mpaka: upande wa kaskazini ni mvinyo wa Ventoux, upande wa kusini ni wa Luberon. Lavenda njiani ni vipande vya hapa na pale. Ya kutosha iko juu ya Apt, ukipanda hadi kijiji cha Saignon na kuendelea kwenye nyanda ya Claparèdes. Abasia ya Sénanque, iliyoanzishwa 1148, ina lile shamba la lavenda mbele ya kuta za mawe ambalo sote tumeliona, na ina umati wa kufanana na sifa yake.

*Kufika, kula, kulala.* Rahisi kuliko kote. Treni za mkoa, TER, zinafika Cavaillon kutoka Avignon na hupakia baiskeli bila kuifungua. Maduka ya kukodi ni mengi, yakiwemo ya baiskeli za umeme. Soko la Apt ni Jumamosi. Pa kulala pia ni pengi, ila Luberon inajua thamani yake: Julai bei zinapanda, na anayechelewa kuweka nafasi hulala mbali na njia.

*Itamfaa nani.* Familia, mzee anayerudia baiskeli baada ya miaka mingi, au wenza ambao mmoja anapenda kunyonga pedali na mwingine anapenda kukaa mgahawani. Yule mkakamavu atakayetaka kuona zambarau kila upande ataondoka na njaa.

Carpentras, korongo la Nesque, Sault

*Magari.* Safari hii ina sura tatu. Kabla ya korongo kuna Via Venaissia, reli nyingine ya zamani, inayotoka Jonquières hadi Carpentras na kushuka Pernes-les-Fontaines na Velleron. Hiyo haina gari, imezungukwa na mizabibu na bustani, na mlima Ventoux unakukodolea macho muda wote. Kutoka Carpentras hadi Villes-sur-Auzon kupitia Mazan unaingia kwenye barabara za kawaida, na hicho ndicho kipande nisichokipenda. Kisha korongo lenyewe.

Barabara ya korongoni, D942, ni ya lami na gari lina ruhusa. Lakini mwenye haraka ya kwenda Sault hupita D1, juu ya Col des Abeilles (*col* ni pito la mlimani), kwa sababu ya korongoni imejikunja kama nyoka aliyeshiba. Matokeo yake unaweza kunyonga dakika nyingi ukisikia cheni yako na ndege tu, ukipita matundu yaliyochongwa kwenye mwamba, huku mto uko chini kabisa usikoweza kuuona. Siku za kazi asubuhi ni peponi. Jumapili pikipiki kubwa huja kufanya mazoezi ya kona, na pepo inafungwa.

*Milima.* Unapanda kutoka kama mita 300 hadi 734 kwenye jukwaa la kutazamia la Castelleras, kwa kilomita karibu 20. Hakuna mahali panapokulazimisha kushuka na kusukuma. Ni mlima wa mtu mvumilivu: weka gia nyepesi, ongea na mwenzako, utafika. Kutoka jukwaani barabara inashuka kidogo kuelekea Monieux, halafu inakupandisha tena Sault, mji uliokaa ukingoni mwa nyanda.

Huko Sault utakutana na kishawishi. Kilele cha Ventoux, mita 1,909, kiko kilomita 26 tu, na njia ya Sault ndiyo nyepesi kuliko zote tatu za lami, yenye wastani usiofika asilimia 5. Ile ya Bédoin ina wastani wa asilimia 7 na nusu, na ndiyo inayovunja watu. Mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeonjeshwa mchezo huu na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda kileleni hapo kwenye mashindano ya Tour de France tarehe 14 Julai 2013. Miaka mitatu baadaye, tarehe ileile, baiskeli yake ikavunjika kwenye msongamano wa watu na pikipiki, akapanda Ventoux kwa miguu akikimbia na viatu vya baiskeli. Siku hiyo hata mwisho wa mashindano ulishushwa chini kwa sababu ya upepo. Wewe hukimbizani na mtu, kwa hiyo ukisikia mistrali inalia usiku, asubuhi kaa Sault unywe kahawa.

*Lavenda na mizabibu.* Mizabibu ni ya chini, Carpentras hadi Mormoiron. Msomaji asiyetumia kileo hajasahaulika: eneo hili hulima Muscat du Ventoux, zabibu nyeusi za kula, tamu mno, zinazouzwa kuanzia mwisho wa Agosti. Juu kule Sault ndiko kwenye malipo ya jasho. Simama ukingoni mwa mji utazame bonde: vipande vya lavenda na ngano vimeshonwa kama kanga za rangi tofauti. Tamasha la lavenda la Sault ni tarehe 15 Agosti kila mwaka, na watu wengi hukosea hapo. Hilo ni la mavuno. Ukija kwa ajili ya tamasha utakuta mashamba mengi yameshakatwa. Anayetaka maua aje Julai.

*Kufika, kula, kulala.* Treni ya abiria ilirudi Carpentras mwaka 2015, nayo inatoka Avignon kwa karibu nusu saa. Soko la Carpentras ni Ijumaa, la Sault Jumatano. Maji ndiyo mtihani. Kati ya Villes-sur-Auzon na Monieux hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna bomba. Mimi niliondoka Villes na chupa moja kwa kujiamini, na kabla ya nusu ya korongo nilikuwa nahesabu mafundo. Beba mbili, kubwa. Malazi Sault yapo lakini si mengi, weka nafasi mapema.

*Itamfaa nani.* Mwenye mapafu ya kawaida na siku mbili mkononi, anayekubali magari machache ili apate lavenda halisi. Mtoto mdogo anayejiendesha mwenyewe abaki Via Venaissia.

Nyons na Buis-les-Baronnies

*Magari.* Hapa hakuna reli ya zamani ya kukupendelea. Njia zote ni za pamoja na magari, ila nyingi zimesahaulika. Mzunguko ninaoupenda una kama kilomita 60 hadi 70: Nyons, Curnier, Sainte-Jalle, Col d'Ey, Buis, Mollans, Mirabel, na kurudi Nyons. Kilomita za mwanzo hadi Curnier ziko kwenye D94, yenye malori, na ni vizuri kuzimaliza asubuhi mapema. Ukishakata kulia kuelekea Sainte-Jalle malori yanabaki nyuma yako. Baada ya Mollans magari yanaongezeka tena.

*Milima.* Ipo kweli, lakini ya kiungwana. Col d'Ey ni mita 718, na Buis iko kwenye kama mita 370. Hakuna sehemu tambarare ya kusema utapumzika. Ni kupanda na kushuka siku nzima, na mabegi ya keria utayahisi kila mara. Ukitaka adabu zaidi, mashariki kuna Col de Perty, mita 1,302.

*Lavenda na mizabibu.* Sahau mistari isiyo na mwisho. Hapa lavenda ni kiraka kati ya mizeituni, miaprikoti na mizabibu, kwenye miteremko ambayo trekta inaipanda kwa shida, na kwangu ndiyo sura nzuri kuliko zote. Nyons ni mji wa zeituni nyeusi, Buis ni wa maua ya mtilia (*tilleul* kwa Kifaransa) yanayokaushwa kwa chai, nayo yana tamasha lake mwezi Julai. Vinsobres, karibu na Nyons, ni kijiji cha divai. Magharibi zaidi, chini ya ngome ya Grignan, kuna mashamba ya lavandini yanayowahi kuchanua. Mvinyo wa upande huo zamani uliitwa Coteaux du Tricastin, hadi wakulima walipoona jina lao limefanana na la kinu cha nyuklia cha jirani kilichopata hitilafu 2008. Tangu 2010 unaitwa Grignan-les-Adhémar. Mkulima gani angetaka mnunuzi afikirie urani?

*Kufika, kula, kulala.* Ugumu uko hapa. Treni haifiki Nyons. Utashuka Orange na kunyonga zaidi ya kilomita 40, au kutoka Montélimar mbali zaidi kidogo. Vijiji vingine havina hata duka la mkate, na Jumatatu hata vyenye duka huwa vimefunga. Soko la Nyons ni Alhamisi, la Buis Jumatano. Nunua jibini na matunda ya siku mbili. Kwa wanaolala hemani, kambi ziko nyingi na watu hawabanani kama Luberon.

*Itamfaa nani.* Aliyezoea safari ndefu za baiskeli, anayejua kubadilisha mpira barabarani na hababaiki simu ikikosa mtandao. Pia yule aliyekwishaona Luberon na kuchoshwa na umati.

Kwa hali yako

Una watoto, au una siku moja tu: Calavon. Shuka Cavaillon, endeni hadi Pont Julien, mle, mrudi. Sheria ya Ufaransa inamtaka mtoto wa chini ya miaka 12 avae kofia ngumu. Katika kundi lenye nguvu zisizolingana, anayechoka akodi baiskeli ya umeme, na hapo hata Bonnieux na Saignon zinakuwa za wote.

Una siku tatu mwezi Julai na unataka kuondoka na harufu ya lavenda kwenye nguo: lala Carpentras, panda Nesque alfajiri siku ya kazi, lala Sault, zunguka nyanda siku ya pili, shuka ya tatu. Funga mdomo unapopita kati ya mashamba. Nyuki ni wengi na hawana breki.

Una wiki nzima: unganisha. Sault iko mpakani mwa dunia hizi zote. Kutoka hapo unaweza kupita Montbrun-les-Bains kuelekea Buis, au kushuka kusini hadi Apt na kurudi kwa treni ya Cavaillon.

Likizo yako ni ya Juni mwanzoni: lavenda bado haijachanua, kwa hiyo usiilipie milima. Baki kwenye reli za zamani na micheri yenye matunda. Ikiwa ni Septemba au Oktoba, hesabu imegeuka: mizabibu ndiyo yenye rangi, hoteli zimelegeza bei, na Via Venaissia pamoja na Nyons zinashinda nyanda za juu ambazo zimebaki matuta ya kijivu.

Unatoka mbali na baiskeli yako mwenyewe, tuseme Paris kwa TGV, treni ya kasi: nafasi za baiskeli nzima ni chache na zinawahiwa, hivyo jiandae kuifungua na kuitia kwenye begi lake, kisha kutoka Avignon TGV panda treni ndogo ya dakika tano hadi Avignon Centre. Kwa mzigo huo, Calavon na Carpentras zinakusubiri upande wa pili wa jukwaa. Nyons itakudai siku nyingine.

Joto likipita nyuzi 35, na hupita, siku nyingine mamlaka hufunga baadhi ya misitu kwa hofu ya moto. Uliza ofisi ya utalii jioni kabla ya kulala, ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa sita mchana uwe umeshaegemeza baiskeli ukutani. Ujazapo chupa kijijini, soma kibao cha bomba: *eau non potable* maana yake maji hayo si ya kunywa, ila kichwani unaweza kujimwagia.